Maswali na Majibu: Msimamizi wa Taarifa katika Maktaba ya Sheria

Je, ni lazima niwe mwanasheria ndipo niajiriwe katika kazi hii?

Si lazima, ingawa vyuo vikuu kadhaa, hasa vya Marekani, hudai shahada ya sheria pamoja na ile ya ukutubi.

Hukumu nyingi sasa ziko kwenye intaneti. Msimamizi anabaki na kazi gani?

Tangu Chuo Kikuu cha Cornell kilipoanza kuchapisha sheria bure kwenye intaneti mwaka 1992, na AustLII, hazina ya sheria ya mtandaoni ya Australia, ikafuata mwaka 1995, kupata hukumu kumekuwa rahisi kuliko zamani, nami naona hilo ni jambo la kheri kwa kila mwananchi. Hata hivyo, kuipata hukumu ni mwanzo tu. Chukua nukuu [1932] AC 562: alama hizo zinaonyesha mwaka, mfululizo wa ripoti za rufaa za Uingereza na ukurasa inapoanzia kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Msimamizi akishaifungua hujiuliza kama mahakama ya juu imewahi kuitengua au kuipunguzia nguvu, kama kifungu kinachotegemewa kimerekebishwa, na kama marekebisho hayo yameanza kutumika au yangali yakisubiri tarehe ya kutangazwa. Swali hilo la mwisho ndilo husahauliwa zaidi, kwa kuwa sheria inaweza kupitishwa na bunge ikakaa muda mrefu bila kuanza kufanya kazi.

Je, akili mnemba itatuondoa kazini?

Sioni hivyo. Mwaka 2023, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000, baada ya kuwasilishwa hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote, zilizotungwa na ChatGPT. Kumfungulia wakili ripoti yenye hukumu yenyewe kabla hajatia saini hati anazopeleka mahakamani ni wajibu wetu, na sasa una uzito zaidi.

Tunaweza kutupa matoleo ya zamani ya sheria?

Nawasihi msiyatupe. Kwa kawaida mtu huhukumiwa kwa sheria iliyokuwepo siku aliyotenda jambo, na mkataba wa miaka 20 iliyopita huenda ukahitaji kifungu kama kilivyosomeka wakati ule. Yapigeni muhuri wa kuonyesha kwamba yamepitwa na wakati, kisha myahamishe kutoka rafu za matumizi ya kila siku.