Mjomba Hayumo Kwenye Kitini: Kwa Wanaofundisha Watumishi Huku Kusini

Bwana Yesu asifiwe.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana ameniandikia. Amekulia na kusomea kaskazini, sasa amepangiwa Mtwara kufundisha wainjilisti wa Kilutheri. Anauliza: "Mchungaji, darasa lina makabila mengi, nifanyeje kila mmoja ajione yuko kwao?" Swali hilo limenigusa. Nilipokuwa mwanafunzi, hakuna mwalimu aliyejiuliza hivyo kwa ajili yangu.

Mimi ni Mmakonde wa Newala. Chuoni, somo la ndoa lilifundishwa kana kwamba ukoo ni wa baba tu, nchi nzima. Nikanyoosha mkono, nikasema kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na ndoa ikitikisika anaitwa mjomba. Mwalimu akajibu kwamba hizo mila zitakufa zenyewe, tuendelee. Darasa likacheka. Nilikaa chini, na muhula ule sikuuliza tena. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ndiyo maana nilipopewa darasa langu Mtwara nilianza na mjomba. Kila mmoja achore ukoo wake, aonyeshe nani ana neno la mwisho. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wakamweka mjomba. Mpare na Mnyakyusa wakamweka baba. Kisha tukafungua Mwanzo, habari za Yakobo. Anakimbilia kwa Labani, kaka wa mama yake, anatumikia kwa ajili ya mke, anakaa ukweni miaka na miaka, na Labani anadai wale watoto ni wake. Kijana wa Kimwera akasimama: "Mchungaji, huyu kaoa kama babu yangu!" Mpare akataka kujua basi Yakobo aliondokaje bila ruhusa, wakabishana mpaka kengele ikalia. Sijawahi kufundisha ushauri wa ndoa vizuri kama siku ile, nasema kwa shukrani.

Tukumbuke tulikotoka. KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilizaliwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa saba, na hakuna hata moja lililokuwa na makao Mtwara au Lindi. Huku walitangulia Waanglikana, Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakajenga Ndanda. Vitini vyetu vimeandikwa kwingine, na mifano yake ni ya kwingine. Kwa hiyo, mwalimu, sikiliza kabla hujafundisha.

Jando na unyago usivipite kimya. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, Mwanglikana, alikaa na wazee wakaandaa jando la Kikristo karibu karne moja iliyopita. Wape wanafunzi kisa hicho wakipime wenyewe: nini kilibaki, nini kiliachwa, nani aliamua. Mwalimu mwanamke ndiye awaulize mabinti kuhusu unyago. Na wengi darasani wana mama wadogo na wajomba Waislamu. Ukiwasema vibaya Waislamu, umemsema mama wa mtu aliyekaa mbele yako. Acha kabisa!

Sikiliza, ndugu yangu. Mungu aliwaita hao wanafunzi pamoja na koo zao. Mpe Mmakonde nafasi aongoze somo, mpe na Mnyakyusa. Na ratiba uipange upya: Oktoba na Novemba familia ziko kwenye korosho, na ada nyingi hutoka humo humo. Mitihani iwekwe kabla.