Pioni inatoa majani tu, maua hakuna

Swali: Habari mtaalamu, niko Ruaka, karibu na Nairobi. Nililetewa mizizi ya pioni (peony, ua la nchi za baridi) kutoka Uholanzi, mwaka wa kwanza ikatoa maua mawili makubwa ya pinki nikafurahi sana, lakini tangu hapo ni majani tu, na yenyewe yanazidi kuwa madogo. Naongeza mbolea ya CAN lakini wapi. Nifanyeje?

Jibu: Kwanza wacha hiyo CAN dadangu, nitrojeni inalisha majani na shida yako haiko hapo. Shida ni baridi. Yale maua mawili hayakutengenezwa Ruaka, yalikuja yakiwa tayari ndani ya macho, yale machipukizi mekundu juu ya mzizi, yakapitia baridi ya Uholanzi, wewe ulimwagilia tu yakafunguka. Pioni lazima ilale kwenye nyuzi 4 hivi, wiki 6 mpaka 10, ndio iamke na maua. Sasa Julai yetu hata ukivaa sweta mbili usiku ni nyuzi 10 au 11, kwa pioni hiyo si baridi. Hata kule Kinangop ambako barafu inachoma viazi, mchana jua linarudi na joto lake.

Kinachobaki ni friji. Ihamishie kwenye chungu kirefu chenye matundu, macho yafunikwe sentimita 3 hadi 5 tu, ukiyazika chini sana utaona majani mpaka uchoke. Wacha majani yapate jua miezi kadhaa, ndiyo yanajaza chakula kwenye mzizi, usiyakate eti kwa sababu hakuna maua. Halafu punguza maji polepole, majani yakigeuka manjano kata mashina na uingize chungu chote kwenye friji, si friza jamani! Ya jikoni huwa ndogo, ile ya soda ya dukani ndiyo inafaa kama unayo. Udongo uwe na unyevu kidogo tu, na usiweke maembe au ndizi humo, matunda yakiiva yanatoa gesi inayoharibu macho.

Kabla ya hayo yote fukua kidogo ubonyeze macho. Yakiwa magumu endelea, ila mzizi umedhoofika hivyo maua yanaweza kungoja hadi awamu ya pili. Yakiwa laini na meusi, tupa, utafute waridi za petali nyingi, hizo zinachanua hapa Nairobi mwaka mzima bila friji.