Shangazi, msiba wa Kibudha na goti bovu naendaje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nafanya kazi huku Bangkok mwaka wa pili sasa, mama yake bosi kafariki na ofisi nzima tunaenda hekaluni kesho usiku, halafu keshokutwa ndo wanamchoma. Mimi goti lilifanyiwa operesheni, natembelea mkongojo, kupiga magoti siwezi na nikikaa chini siinuki mpaka nishikwe mkono. Naogopa kuonekana sina adabu, nisiende tu? – Dada mwenye goti

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni na msiba. Nenda bwana, usipoonekana ndo watashangaa. Hiyo ya kukaa chini isikutishe, kumbi za msiba kwenye mahekalu ya mjini mara nyingi zina viti. Watawa wa kiume, kawaida wanne, wanakaa juu kwenye jukwaa wanasoma sala na nyie mnatulia tu mmekutanisha viganja kifuani. Mbele waachie wafiwa na wazee. Ila mguu sasa! Najua goti likiuma unataka kuunyoosha, na kule kumwelekezea nyayo mtawa au sanamu ya Budha ni dharau kubwa, kwa hiyo chukua kiti cha mwisho wa mstari uunyooshee pembeni.

Utaona watu wanapiga magoti mbele ya jeneza na kijiti cha udi, kimoja tu, vitatu ni vya Budha. Wewe simama, kutanisha viganja, inamisha kichwa, yametosha. Nguo nyeusi, rambirambi kwenye bahasha yenye jina lako. Na kwa vile ni mwanamke usimguse mtawa, hata ukiyumba tafuta bega la mtu mwingine.

Kazi iko siku ya kuchoma. Tanuri liko juu ya ngazi, watu wanapanda foleni kila mmoja na kaua kadogo ka kutengeneza, wanakaita dok mai chan, wanakaweka kwenye jeneza wanashuka. Usijifanye shujaa hapo, foleni nyuma yako inasukuma na wewe una mkongojo. Ongea na mwenzako wa ofisini leo hii, sio pale pale, akupelekee kaua kako, wewe toa heshima ukiwa chini.

Na viatu vaa vya kuchomoa tu, jumba lenye sanamu kubwa ukiingia unavua, sasa kuinama kufunga kamba na goti hilo nani atakusubiri?