Vifungo vya shati vinamshinda

SWALI: Dada habari za kazi. Mwanangu ana miaka 7, vifungo hawezi, kamba za viatu ndo usiseme, mwandiko wake hausomeki, mwalimu anasema mzembe ila kichwani yuko vizuri tu. Nifanyeje? (Mama wa Chumbageni, Tanga)

JIBU: Pole mama, uzembe mie hapo siuoni. Kuna watoto, kama 5 hivi kati ya 100 wa umri wa shule, ubongo unapata shida kupanga mijongeo ya mwili na akili haina tatizo. Mpeleke hospitali ya Bombo hapo Tanga daktari amcheki kwanza macho na misuli, kisha ulizia mtaalamu wa tiba kwa vitendo, hospitali ya KCMC Moshi ndo kuna chuo chao. Huyo anamfundisha kazi yenyewe inayomshinda, kipande kwa kipande. Nyumbani anza hivi: wewe funga vyote umwachie kifungo cha mwisho tu, akizoea mwachie viwili, shati liwe la vifungo vikubwa, na mfanye jioni mkiwa mmetulia sio asubuhi bajaji inapiga honi nje. Akiandika miguu iguse chini, kiti kikiwa kirefu weka hata tofali. Mwalimu mwombe amwongezee muda wa kuandika, na fimbo aache jamani.