Barua kwa mwanangu: Bulamatari ni nani?

Kasese, Jumapili jioni

Mwanangu Biira,

Sisi wazima, ila mbuzi wa shangazi yako ameingia tena kwenye maharage.

Umeniuliza kuhusu yule mzee Mkongo, mteja wako hapo mpakani Mpondwe, aliyekunja risiti ya ushuru akaguna, “Bulamatari amekula tena.” Unataka kujua Bulamatari ni nani, na kama hilo ni tusi.

Kwanza alikuwa mtu: msafiri wa Kizungu, Henry Morton Stanley, yuleyule aliyefika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1875. Mwaka 1879 alirudi Afrika kwa kazi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akaanza kupasua njia kando ya maporomoko ya mto Kongo, kuanzia Vivi. Wenyeji wakambandika jina kwa Kikongo: bula ni kuvunja, matari ni mawe. Hata mji wa Matadi una neno hilohilo. Mwenyewe alilipenda mno. Kaburini kwake Pirbright, Uingereza, limesimamishwa jiwe kubwa, na limechongwa “Bula Matari” pamoja na jina lake. Lakini waliovunja mawe, mwanangu, ni vibarua, wakiwemo Waswahili aliowatoa Zanzibar. Hao nani aliwachongea jiwe?

Stanley akaondoka, jina likabaki. Maofisa wa Leopold waliokuja kudai utomvu wa mpira wa porini nao wakawa Bulamatari, mwishowe dola nzima ikaitwa hivyo. Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908, jina halikung’oka.

Mimi nililisikia Kasindi, ng’ambo ya mpaka upande wa Kongo, nikiwa utingo wa lori. Tulizuiwa siku mbili kwa karatasi moja iliyokosa muhuri. Mama muuza chapati akanimiminia chai, akaielekezea kidevu ofisi iliyofungwa: “Bulamatari amelala, mngojeni.” Humo ndani hakukuwa na Mzungu hata mmoja. Karani alikuwa kijana wa jirani yake, na alipotoka akipiga miayo, yule mama alimwita kwa jina lake la nyumbani, akamkopesha chapati.

Kwa hiyo si tusi, wala si sifa tena. Mzee wako alikuwa anailalamikia serikali, basi. Ila wewe usilitamke mbele ya watu wa forodha. Si wote wanaopenda utani. Na mzee akirudi, mpe kiti, umuulize babu yake alilitamkaje. Kisha uniandikie.

Baba yako