Kabla ya Kufungua Duka Nairobi, Hesabu Meko

Kwenye rafu ya juu kabisa dukani kwangu kuna seti mbili za sufuria, saba saba, zimebebana moja ndani ya nyingine, na nailoni yake haijapasuliwa. Nilinunua seti 30 mwaka 2021. Mtu akija kuniuliza habari za kuanza biashara mtaani, nampa stuli akae, kisha namwambia atazame juu.

Niliponzwa na namba. Nilikuwa natafuta mahali pa kufungua duka la vyombo, nikafungua ripoti ya sensa ya 2019 kwenye simu nikaona Embakasi ina watu 988,808. Nairobi nzima ilikuwa na 4,397,073. Yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano wa kaunti hii analala Embakasi, na kila mmoja anakula. Hesabu ikaishia hapo. Nilichukua mkopo wa chama, nikakodi chumba Pipeline, mtaa wa maghorofa ya kupanga huko huko Embakasi, nikajaza sufuria za kupikia watu wanane, hotipoti za ugali wa harusi na madramu ya maji ya lita 210. Madramu ndiyo yaliyoniliza. Chumba cha Pipeline ukiingiza dramu, itabidi kitanda kitoke.

Aibu yenyewe ni kwamba mimi nilikuwa karani wa sensa hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyepanda zile ngazi.

Wanaokumbuka usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 wanajua ulikuwa Jumamosi, na baa ziliamriwa kufunga saa kumi na moja jioni ili watu wapatikane nyumbani. Tulikuwa na tabuleti, koti la kung'aa na mzee wa mtaa wa kututambulisha. Kila karani alipewa eneo lenye kaya kama mia hivi. Kijijini kaya mia ni milima na mito. Langu lilikuwa jengo moja na kipande cha jengo la pili, ghorofa saba, vyumba vimetazamana kwenye ujia mmoja mwembamba ambao mchana kutwa unawashwa taa.

Sasa, neno kaya. Mimi ni wa Kilifi, na kwetu ukitaja kaya mtu anawaza msitu wa wazee, Kaya Fungo na nyinginezo. Siku ya kwanza ya mafunzo nilicheka peke yangu. Lakini sensa ina maana yake: kaya ni mtu au watu wanaoishi pamoja, wanaopika na kula pamoja, na wanaomtambua mkuu mmoja. Chungu kimoja, kwa ufupi. Udugu si hoja, na idadi ya milango si hoja.

Ghorofa ya tano nilibisha mlango, wakafungua vijana watatu. Wawili walifanya kazi viwandani zamu tofauti, wakilalia kitanda kimoja kwa kupokezana; wa tatu alikuwa na godoro lake la tatu kwa sita, mchana limesimamishwa ukutani. Nikauliza mkuu wa kaya ni nani. Wakatazamana.

"Andika huyo," mmoja akasema. "Jina lake ndilo liko kwa risiti ya nyumba."

"Mnapika pamoja?"

Ikawa kimya kidogo. Kumbe wawili wanachangia gesi na unga, yule wa tatu hula kibandani na hajawahi kugusa ile meko. Mzee wa mtaa akaniambia pembeni, "Huyo ana sahani yake, mama." Mlango mmoja, kaya mbili. Ghorofa ya chini mambo yakageuka: mama mmoja amekodi vyumba viwili vinavyotazamana, wanawe wakubwa wanalala kimoja na kuvuka ujia kuja kula. Milango miwili, kaya moja. Saa nne usiku nilikuwa nimeshajua kwamba mji huu haugawanyiki kwa watu wala kwa nyumba, ila kwa moto wa kupikia. Miaka miwili baadaye nikaenda kununua mali kama mtu asiyejua.

Ningeangalia safu ya pili ya jedwali lile lile, ningeokoa pesa. Mwaka 2009 Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369 katika kaya 985,016. Mwaka 2019 kaya zilikuwa zimefika 1,506,888. Watu waliongezeka kwa asilimia 40 hivi, kaya kwa asilimia 53. Gawanya ongezeko hilo kwa siku za miaka kumi, utapata kama kaya mpya 140 kila siku ya Mungu. Kila siku kuna watu wanaoanza maisha ya peke yao au ya wawili, wakitafuta kufuli, beseni, pazia, ndoo mbili na meko ya gesi ya kilo 6. Na kaya zenyewe zinapungua ukubwa: kutoka watu 3.2 hadi 2.9. Wastani wa nchi ulikuwa 3.9. Kwetu Kilifi ni karibu watano, na Mandera karibu saba.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mtu anayetaka ushauri ni hili: bidhaa yako inanunuliwa kwa kichwa au kwa kaya? Sabuni ya kuoga, nauli na kadi ya simu vinakwenda kwa kichwa. Meko, ufagio, kufuli, balbu na mwiko vinakwenda kwa kaya, na kaya ya mtu mmoja inahitaji ufagio sawa na kaya ya watu tisa. Ukiuza vitu vya aina hii, Nairobi ni kubwa kuliko idadi ya watu wake. Ukiuza vitu vya ukubwa wa familia, ni ndogo kuliko unavyodhani. Mama mboga aliye mbele ya duka langu anajua hili bila ripoti yoyote. Kabla hajakata sukuma anauliza, "Ya watu wangapi?" Nilikaa naye jioni moja nikahesabu majibu kimoyomoyo. "Yangu tu" ndilo nililolisikia zaidi.

Ila usije ukaikumbatia hiyo 2.9 nayo. Wastani ni kama supu ya pamoja, huonji nyama ya nani. Pipeline yangu ni ya mtu mmoja au wawili. Ukienda Eastleigh, unakuta watu wanane wamezunguka sinia moja. Ndiko nilikokwenda kuondoa seti 19 za zile sufuria, kwa bei ya hasara lakini kwa siku mbili tu. Kaunti ni moja, bidhaa ile ile, ni kilomita chache tu za matatu. Na idadi ya watu pia hudanganya kwa namna hiyo hiyo. Mathare ilihesabiwa watu 206,564 na Lang'ata 197,489, tofauti ndogo. Lakini Mathare wamebanana zaidi ya watu 68,000 kwa kilomita moja ya mraba, na Lang'ata hawafiki elfu moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya eneo lake ni mbuga ya wanyama. Twiga hawanunui sufuria.

Jihadhari pia na majina. Sensa iliigawa Nairobi katika kaunti ndogo 11, wakati majimbo ya uchaguzi ni 17, na matano kati ya hayo yana jina la Embakasi. Mtu akikwambia "Embakasi ina watu kadhaa", muulize Embakasi ipi. Bora ushuke hadi kata ndogo. Juzuu ya pili ya ripoti ya Shirika la Takwimu la Taifa inazo, pamoja na idadi ya kaya, na inapakuliwa bure.

Halafu kuna namba za mdomoni. Nilikua nikisikia Kibera ina watu milioni moja. Wageni waliambiwa hivyo, nasi tukarudia. Sensa ya 2009 ilikuta kama 170,000. Ile ya 2019 ilihesabu 185,777 katika kaunti ndogo yote ya Kibra. Hata ukisema makarani walikosa wengi, na mimi ni shahidi kwamba kuna milango haikufunguliwa, kutoka hapo hadi milioni ni mbali sana. Rafiki yangu mmoja alitaka kuweka mashine ya kusaga huko kwa kutegemea ile milioni. Nilimsihi aende kwanza ahesabu mashine zilizopo.

Kumbuka vilevile kwamba sensa inahesabu mahali ulipolala. Starehe, yenye katikati ya jiji ndani yake, iliandikwa watu 210,423. Pita barabara ya Tom Mboya saa saba mchana uone kama hesabu hiyo inakutosha. Wale wanaofurika pale wanalala Rongai, Kitengela, Ruiru, Mlolongo, na majina yao yako kwenye vitabu vya Kajiado, Kiambu na Machakos. Anayefungua hoteli ya chakula cha mchana asihangaike na sensa kabisa, asimame barabarani. Anayeuza mkate wa asubuhi na maziwa ya jioni, huyo aisome. Jambo jingine ni kwamba tulihesabu mwishoni mwa likizo ya Agosti, na kuna watoto waliokuwa bado kwa nyanya zao mashambani. Mara kadhaa nilionyeshwa picha ya mtoto ukutani nikaambiwa, "Huyu yuko nyumbani, atarudi kesho kutwa." Huyo sikumwandika. Kama unauza madaftari au viatu vya shule, liweke hilo akilini.

Namba hizo ni za 2019. Mimi sasa nazitumia kujua umbo la mtaa, kisha nakwenda mwenyewe. Msimamizi wa ploti atakwambia vyumba vingapi na vingapi vitupu, ukimsalimia vizuri na kumnunulia chai. Mita za umeme za tokeni zimepangwa ukutani chini ya ngazi, na kwenye majengo mengi kila chumba kina yake. Zile zinazowaka taa kwa kawaida ndizo za vyumba vyenye watu. Halafu Jumamosi alasiri panda juu ya paa ukaangalie kamba za nguo. Sare za shule zinaonyesha watoto wa umri gani, nepi zinaonyesha ndoa changa, na maovaroli ya bluu yaliyotundikwa peke yake yanakwambia hapa utauza sufuria ndogo, kikombe kimoja na pasi. Jengo nililolihesabu mimi liko mita mia mbili kutoka dukani. Nilipanda tena mwaka jana. Zamani kamba za nepi zilikuwa mbili, sasa nilikuta nne, basi nikaagiza mabeseni ya kuogeshea watoto kumi na mawili. Yameisha.

Zile seti mbili sizishushi bei. Kila Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi, huja mtu amebeba begi, tiketi ya basi mfukoni, anazitazama, anauliza kama naweza kumfungia kwa katoni. Simuulizi anapika ya watu wangapi. Namuuliza anashukia wapi.