Kabla hujafungua nyumba ya kuokoa mbwa na paka, jifunze kufunga geti

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Morogoro. Alianza na shikamoo, akaomba radhi kwa kunisumbua, kisha akanieleza kuwa ana paka wanne aliowaokota sokoni, mbwa mmoja aliyevunjika mguu, na uwanja wa marehemu bibi yake ambao familia imemruhusu autumie. Anataka kuanzisha kituo cha kuokoa wanyama. Akauliza: "Dada, nianze na lipi? Mabanda, usajili, au wafadhili?"

Niliusoma, nikaiacha simu mezani, nikaenda kusonga chakula cha mbwa, nikarudi nikausoma tena. Hakuna hata mstari mmoja aliojiulizia yeye mwenyewe. Nikajiona. Miaka saba iliyopita nami niliuliza bei ya wavu, bei ya mabati, bei ya chanjo. Sikumuuliza mtu yeyote nitalala saa ngapi, wala nikilia nitamlilia nani.

Mdogo wangu, mabanda nitakueleza siku nyingine. Kupiga misumari ndiyo kazi rahisi. Leo nataka nikwambie jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa Ngamiani. Nilianza na paka, kama wengi wetu wa pwani, maana kwetu paka ni mtu wa nyumbani, hafukuzwi hata jikoni. Mbwa ni habari nyingine kabisa. Nimelelewa katika nyumba ambayo mbwa havuki kizingiti. Kwa hiyo jioni ile nilipoingia uani na mbwa jike aliyegongwa na bajaji, nimemviringisha kwenye kanga yangu, damu inachuruzika hadi kwenye kiatu, nilijua nitasikia maneno. Mama hakusema kitu. Alimtazama yule mbwa, akanitazama mimi, akaingia ndani. Nikadhani ameudhika. Akatoka na ndoo kuukuu, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi ameijaza udongo mkavu uliochekechwa, akaiweka karibu na bomba. "Ukimaliza naye, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Kisha unakuja kula." Usiku ule ndipo aliponikumbusha kisa tulichosimuliwa madrasa, cha yule mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake.

Yule mbwa nilimwita Tabu. Alipona. Ndoo ya udongo ipo karibu na bomba mpaka leo, ingawa bomba lenyewe limehama.

Miaka miwili iliyofuata ya kutafuta kiwanja, kupanga foleni kwenye ofisi na kusuluhishana na majirani naipita, haina mafunzo. Nilihamia nje ya mji, upande wa Pongwe, na kufikia mwaka wa nne nilikuwa na mbwa 31 na paka ambao idadi yao ilibadilika kila siku. Kila alfajiri tulikuwa tukisonga kilo kumi za dona na dagaa, mimi na kijana mmoja ninayemlipa. Nina daftari la jalada gumu. Ndani yake kuna majina ya wanyama 212 waliotoka kwangu wakiwa wazima, wamechanjwa, wengi wao wamehasiwa, na wana mtu wa kuwaita kwa jina. Naandika namba hiyo kwa sababu kuna watu wanaosema sikufanya kitu. Nilifanya.

Sasa nikueleze kilichonivunja.

Ilikuwa masika, mwaka juzi, saa tatu usiku, mvua ya kupasua bati. Mtu akagonga geti. Nilipofungua nilikuta pikipiki inaondoka na boksi la sabuni limeachwa chini ya ukuta, limelowa, linatikisika. Watoto wa mbwa saba, wa kama wiki saba hivi. Chumba cha kuwatenga wageni kilikuwa kimejaa paka wenye mafua. Akili iliniambia: hawa wasiingie kwa wenzao. Huruma ikaniambia: usiku mmoja tu, wakauke, kesho utapanga. Nikawaweka na watoto saba wengine niliokuwa nao, ambao chanjo ya kwanza walikuwa waipate Jumatatu.

Siku ya tatu mmoja alisusa uji. Siku ya nne asubuhi niliinusa harufu kabla sijafungua mlango. Aliyewahi kuuguza parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa, anaijua: kuhara damu kunakonuka kama chuma kilicholoweshwa na kuoza, harufu inayokaa kwenye nywele hata ukikoga. Daktari wa mifugo alikuja akaniambia ukweli, kwamba hakuna dawa ya kuua kile kirusi ndani ya mwili, kazi yetu ni kuwaongezea maji, kuzuia kutapika, na kungoja. Nikapigilia misumari ukutani, nikatundika dripu kwenye henga za nguo. Nilikaa chini nimeegemea mlango, nahesabu matone. Mmoja mweusi mwenye doa jeupe kifuani alikuwa anaweka kidevu kwenye kifundo cha mguu wangu kila nilipokaa. Saa kumi alfajiri nilihisi kile kidevu kimekuwa kizito. Sikuinamisha kichwa kumtazama. Nilikaa vile vile mpaka adhana.

Katika kumi na wanne, walipona watatu.

Kisha yakaja maneno. Mtu aliyekuwa akija kujitolea kwangu, niliyempikia, niliyemfundisha kushika sindano, aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba kwangu wanyama wanakwenda kufa. Watu niliowapa mbwa wakaanza kunipigia kuuliza kama ni kweli. Hakuna aliyemuuliza yule wa boksi la sabuni. Mpaka leo simjui, na nikisema nimemsamehe nitakuwa nimesema uongo.

Lakini kilichonivunja kabisa hakikuwa vifo wala maneno. Wiki ile ile binti yangu, wakati huo ana miaka minane, alikuwa na homa. Alikuja akasimama mlangoni pa kile chumba, amejitanda shuka, akaniita. Nikamjibu bila kugeuka: "Subiri, nina mgonjwa hapa." Akasema, "Mama, na mimi ni mgonjwa." Ilikuwa malaria. Alikuwa anaungua. Baba yake ndiye aliyempeleka hospitali, mimi nilibaki na dripu.

Amepona zamani, alishasahau. Mimi sijasahau.

Baada ya hapo kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu mwingine. Simu ikilia moyo unaruka. Nilikuwa sili vizuri, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. La ajabu ni kwamba machozi yaliisha. Nilizika paka wangu wa zamani, niliyekaa naye miaka sita, nikarudi kuosha sufuria kama niliyekwenda kumwaga taka. Na nilianza kuwachukia watu, si wabaya tu, wote. Jirani akinisalimia naona ananipotezea muda.

Nilidhani ni uchovu wa kawaida. Daktari wa mifugo ndiye aliyeniambia kuwa hali hii ina jina, wataalamu wanaiita uchovu wa huruma, na kwamba ilianza kuzungumzwa miaka ya 1990 huko Marekani kwa wauguzi wa hospitali kabla haijaonekana kwa watu wa kazi yetu. Mtu anachoka si kwa sababu hapendi, bali kwa sababu amebeba maumivu ya wengine muda mrefu bila kuyatua. Kuipa hali ile jina tu kulinisaidia. Nilikuwa nimeshaamini kwamba nimegeuka kuwa na roho mbaya.

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza ni huu: jifunze kusema hapana kabla hujajenga banda hata moja. Andika idadi ya mwisho unayoiweza, kwa pesa uliyonayo leo, si ya mfadhili unayemtarajia. Ibandike getini. Ikijaa, imejaa. Utaambiwa huna huruma. Watakaokwambia hivyo hawatakuwepo saa kumi alfajiri. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nimeshayaona mabega ya wanaosema.

Chumba cha kutenga wageni kiwe cha kwanza kujengwa, na kisiwe stoo, kisiwe cha dharura nyingine. Kila mnyama mgeni akae humo siku kumi na nne, hata kama mtoto wa mbwa anakutazama kwa jicho lile. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Sakafu ya saruji unaweza kuiosha ukaisafisha kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, uiache dakika kumi, lakini ardhi huwezi kuiosha. Kipande kile cha uwanja wangu bado nimekizungushia wavu, hakuna mtoto wa mbwa asiyechanjwa anayekanyaga pale. Napita kila siku.

Na wewe mwenyewe uchanjwe kichaa cha mbwa mapema, usingoje kung'atwa. Ukishang'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Nalisema hili pia kwa wale wanaoniuliza kwa nini nalisha mbwa wakati kuna watoto wenye njaa. Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu vinatokana na mbwa, na katika wanaong'atwa watoto ni wengi. Ukichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Mbwa wa mitaa inayonizunguka nimewachanja mimi na yule kijana, mmoja mmoja, kwa kamba na mfupa. Watoto wa wanaonisema wanacheza nje kwa sababu hiyo. Huruma kwa mnyama haimpunguzii mtoto kitu. Anayekwambia uchague kimojawapo, mara nyingi hajatoa chochote kwa yeyote.

Kuhusu sindano ya kumpumzisha mnyama asiyepona, sitakudanganya kuwa utazoea. Usiamue peke yako usiku. Mwite daktari, msikilize, amua mchana, na uwepo. Mshike. Tabu aliondoka hivyo mwaka jana, figo zimekwisha, kichwa chake kwenye kanga ile ile, niliyoifua mara ngapi sijui. Nililia. Nilifurahi kwamba ninalia.

Na jifunze kusema hapana. Najua nimeshasema. Nitasema tena, kwa sababu utasoma mstari huu na kesho utapokea boksi.

Hapana yangu haina maana ya kufunga simu usoni. Mwezi uliopita fundi mmoja wa gereji maeneo ya Mabawa alinipigia, mbwa amezalia chini ya gari bovu, watoto saba tena, namba ile ile. "Mama, njoo uwachukue, bosi anasema watupwe." Nilihisi tumbo linakaza. Nikamwambia, kwangu kumejaa, siwachukui. Akanyamaza. Nikamwambia lakini nakuja.

Nilikwenda na kilo tano za dona, dagaa na turubai. Nikakaa na yule bosi, nikamweleza kwamba mama na wanawe wakibaki pale pale wapo salama kuliko popote ninapoweza kuwapeleka, kwamba maziwa ya mama yao hayana mbadala, kwamba nitaleta chanjo ya kwanza wakifikisha wiki sita na nyingine baadaye, na mama yao nitamhasi kwa gharama yangu akishaachisha. Nikamwambia pia, kwa adabu, kwamba tangu 2008 nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na kutupa viumbe hai jalalani si jambo dogo. Alikuna kichwa. Akasema sawa, ila wasilale kwenye spea.

Juzi nilipokwenda kuwachanja niliwakuta sita. Mmoja alikufa wiki ya kwanza, mdogo kuliko wote. Mafundi wameshawagawana wanne na kuwapa majina ya magari. Yule kijana aliyenipigia alikuwa amemshika mmoja kwapani huku anafungua tairi kwa mkono mwingine. Nilirudi nyumbani saa kumi jioni, nikaoga, nikamsaidia binti yangu hesabu za kugawanya, nikalala usiku mzima.

Binti wa Morogoro, namba yangu unayo. Nipigie siku yoyote baada ya saa mbili usiku, tuzungumze mabanda na usajili. Isipokuwa Ijumaa. Ijumaa simu naizima, na geti nalifunga.